Nani Atashika Amana Ukishafariki? Mhadhara kuhusu Mirathi ya Familia nchini Australia

Asanteni, tuketi. Kabla hata sijapanda hapa mzee mmoja amenivuta kando kuniuliza swali ninaloulizwa kila ninapoalikwa: nyumba yangu niihamishie kwenye amana ya familia ili watoto wasisumbuke nikifa? Amana hiyo, kwa Kiingereza family trust, ni mpango wa mali kushikwa na mtu au kampuni kwa faida ya wengine. Kwa wengi wenu jibu langu ni hapana, na nalitoa mapema kwa ajili ya wenye kuwahi treni.

Nyumba unayoishi, ikiwa kwa jina lako, ukiiuza kwa kawaida hulipi kodi ya faida ya mtaji. Ukiitia kwenye amana ya familia, msamaha huo unaupoteza. Juu yake utalipa ushuru wa stempu kwa kuihamisha, na katika jimbo letu la New South Wales amana za namna hiyo hutozwa kodi ya ardhi kuanzia dola ya kwanza ya thamani ya ardhi. Na wale wanaokimbia kodi ya mirathi, wanakimbia ipi? Australia haina. Queensland ilikuwa ya kwanza kuifuta, 1977, na serikali ya shirikisho ikafuta ya kwake 1979.

Amana ya familia inawafaa zaidi wenye biashara au vitega uchumi. Mtu wa nje, mara nyingi rafiki au mhasibu, anatoa dola 10 za kuifungulia, na shughuli yake inaishia hapo. Mali inashikwa na mdhamini, ambaye kwa kawaida ni kampuni ndogo ya wazazi wenyewe. Wanufaika wanatajwa kwa makundi: watoto, wajukuu, ndugu, wake na waume zao. Kila mwaka, kabla ya Juni 30 kupita, mdhamini anaamua nani apate mapato na kiasi gani. Yasiyogawiwa hutozwa asilimia 47. Mnufaika hana fungu lake humo. Ana haki ya kufikiriwa tu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mali iliyo ndani ya amana si mirathi yako. Ukiandika kwenye wosia, "duka la amana nampa Asha," umeandika hewa. Unachoweza kurithisha ni madaraka, na madaraka yako kwa mtu ambaye hati inamwita mteuzi, mwenye uwezo wa kumwondoa mdhamini na kumweka mwingine. Tafuteni ukurasa huo kwenye hati zenu. Nimesoma hati zenye jina la baba peke yake, bila kusema nani afuate, na watoto watatu wanaohasimiana wamesubiri nje.

Ubaya wa kutopanga madaraka yaende kwa nani ulionekana mahakamani hapa jimboni 2005. Ilikuwa ni akiba ya uzeeni, hii tunayoiita supa, lakini mfuko wa supa nao ni amana. Mzee mmoja alikuwa na mfuko wa familia wenye takriban dola milioni 1. Mkewe alipofariki, alimweka binti yake kuwa mdhamini mwenzake. Aliacha maandishi kwamba binti na kaka yake wagawane sawa, ila maandishi hayakuwa ya kumfunga mdhamini. Mzee akafa. Binti akamwingiza mumewe awe mdhamini wa pili, wakakaa wawili hao wakaamua fedha zote zimwendee binti. Kaka alikwenda mahakamani akashindwa. Maandishi ya baba yalikuwepo, tena wazi kabisa; madaraka yalikuwa kwa dada.

Kuna wanaodhani, basi, kwamba amana ni ngome hata ndoa ikivunjika. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kesi ya Kennon dhidi ya Spry. Dkt. Spry alikuwa wakili wa Melbourne na bingwa wa sehemu hiihii ya sheria, kwa hiyo msiseme hakujua alichofanya. Ndoa ilipoharibika aligawa mali ya amana kwenye amana nne, moja kwa kila binti. Majaji walio wengi walisema mali ile ihesabiwe katika mgawanyo wa ndoa, maana yeye ndiye aliyeishika na mkewe alikuwa mnufaika.

Ninayoipendekeza mara nyingi zaidi ni amana inayoandikwa ndani ya wosia na kuanza siku unapokufa. Leo huhamishi chochote. Mtoto mwenye madeni, au ambaye ndoa yake inakutia wasiwasi, hapewi mali mkononi, inashikwa kwa ajili yake. Na kodi! Mtoto mdogo akipata mapato ya amana ya kawaida, yakizidi dola 416 tu kwa mwaka anaanza kukatwa viwango vikali. Ya amana ya wosia hutozwa kama ya mtu mzima, na dola 18,200 za kwanza hazina kodi. Wajukuu watatu wasio na kipato kingine, piga hesabu: 54,600. Lakini mapato hayo lazima yatokane na mali ya marehemu. Tangu Julai 2019, ukichomeka mali ya nje humo, mapato yake hayapati nafuu hiyo.

Kumkwepa mtoto usiyempenda ni habari nyingine. Katika jimbo hili mahakama inaweza kurudisha hata mali uliyoihamisha ndani ya miaka 3 kabla ya kufa, ikiwa ulikusudia kumnyima haki yake.

La mwisho linatuhusu sisi hasa, wenye ndugu Afrika. Tunapenda kuandika "na ndugu zangu wote." Ndugu aliyeko Mombasa au Bukavu, asiye raia wa Australia, anaweza kuifanya amana yenye nyumba ya makazi hapa ihesabiwe ya kigeni: ushuru wa nyongeza wa asilimia 9 wakati wa kununua, na asilimia 5 ya kodi ya ardhi kila mwaka. Hati isipowatoa wageni moja kwa moja, bila njia ya kuwarudisha, nyongeza hiyo inakufuata hata kama hujawahi kumgawia ndugu huyo senti. Ukitaka kumsaidia, mtumie fedha zako mwenyewe, jina lake likae nje ya hati.

Haya, mama pale nyuma, umenyoosha mkono muda mrefu. Karibu.