Mlima Uliojificha kati ya Dar es Salaam na Mwanza

Ndugu wasikilizaji, anayetazama ziwa akiwa hapa Mwanza hawezi kudhani kwamba amekaa mlimani, kwa kuwa maji yamelala chini na mawe yamesimama juu yake. Hata hivyo, uso wa ziwa letu uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kila mfuko wa saruji na kila bati lililotoka bandarini Dar es Salaam limepandishwa kimo hicho, na tangu reli ya kutoka Tabora ilipofika hapa mwaka 1928, kazi ya kupandisha imekuwa na bei yake kwa kuni, kwa makaa au kwa dizeli.

Tuipige hesabu kwa kipimo tunachokijua majumbani, yaani uniti ya umeme. Kuinua tani moja mita 1,134 kunadai uniti 3 na ushee. Lita moja ya dizeli ina nishati ya uniti 10 hivi, lakini sehemu kubwa hupotea kwa joto na moshi, kiasi kwamba kinachofika kwenye magurudumu ya kichwa cha treni ni kama theluthi. Kwa hiyo kimo peke yake kinameza karibu lita moja kwa kila tani, na tani za behewa lenyewe zimo humo humo, wala hazilipiwi nauli na mtu yeyote.

Upande wa pili ni msuguano. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halibonyei kama tairi, na ndiyo siri yote ya reli: katika mwendo wa wastani, tani moja huhitaji kuvutwa kwa nguvu ya kama kilo 2 tu, ilhali tani hiyo hiyo ikiwa ndani ya lori hudai mara tatu au nne ya hapo, kabla hatujautaja upepo. Kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,200, msuguano huo mdogo hufikia takriban uniti 7, sawa na lita 2 za dizeli. Hii ni hesabu ya mkono. Treni inayosimamishwa mara kwa mara kupisha nyingine hula zaidi, kwa sababu mwendo uliouawa kwa breki hununuliwa upya kwa mafuta.

Ninaomba tukae kidogo kwenye breki. Njia haipandi moja kwa moja hadi kwetu. Ikishatoka Dodoma hushuka hadi bonde la Bahi, kisha huukwea ukingo wa Bonde la Ufa kupitia Saranda kwenda Manyoni. Kwa kuwa tani huvutwa kwa kilo 2, mteremko wowote unaozidi mita 2 kwa kila kilomita huitosha treni kujisukuma yenyewe, na kinachozidi hapo lazima kizuiwe. Kichwa cha dizeli kina mota za umeme kwenye ekseli zake, na katika mteremko mota hizo zinaweza kugeuzwa kuwa jenereta. Lakini umeme unaozalishwa hauna pa kwenda, hivyo hupelekwa kwenye vipingamizi na kupepewa hewani kama joto. Yaani tunalipia kupanda, halafu tunapasha joto anga la Bahi bure.

Reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, na ambayo kipande chake cha Mwanza hadi Isaka kilianza kujengwa mwaka 2021, hutumia umeme wa kilovolti 25 unaopita kwenye waya juu ya njia. Waya huo hupokea pia. Treni yenye pamba au madini inayoshuka kwenda pwani inaweza kuirudishia njia sehemu ya nishati, na treni yenye saruji inayopanda ikaitumia papo hapo.

Neno papo hapo ni zito. Umeme huo hauwekwi ghalani. Unahitaji treni nyingine inayovuta wakati huo huo kwenye sehemu hiyo ya waya, au gridi iliyo tayari kuupokea. Kwa hiyo anayepanga ratiba, akiamua ipi iondoke saa ngapi na wapi zipishane, anashika nishati nyingi mkononi mwake kuliko dereva, na mabehewa yanayoshuka matupu humwachia kidogo sana cha kurudisha.