Kipimajoto cha infraredi: simama wapi ili usome namba ya kweli

Karibuni tena. Leo tuna kipimajoto cha infraredi, hiki chenye umbo la bastola, kinachosoma joto bila kugusa kitu, kwa miale isiyoonekana ambayo kitu hicho hutoa, pamoja na sufuria ya alumini yenye maji yanayochemka. Weka betri, washa, chagua selsiasi. Twende kazini.

Kabla ya kupima chochote, soma ubavuni mwa kifaa. Hapa... ngoja niinamishe kidogo, mwanga unapiga kwenye kibandiko. Sawa, sasa mnaona: 12:1. Mimi hii ndiyo namba ninayoianza kuitafuta nikishika kifaa kipya. Maana yake, ukiwa sentimita 12 kutoka kwenye kitu, kifaa kinasoma duara la sentimita 1. Ukirudi hadi sentimita 60, duara linakuwa la sentimita 5. Ukisimama mita 2, ni karibu sentimita 17. Mulika tochi ukutani kisha rudi nyuma, utaona duara la mwanga linavyopanuka. Hiki nacho ni hivyo hivyo. Na kila kilichomo ndani ya duara kinachanganywa, unapewa wastani. Bomba lenye upana wa sentimita 3 ukilipima kutoka mita 1, sehemu kubwa ya unachosoma ni ukuta ulio nyuma yake.

Sasa sikilizeni vizuri. Kile kidoa chekundu cha leza HAKIPIMI. Kinakuonyesha uelekeo tu. Kidoa kinaweza kukaa katikati ya bomba kabisa huku duara la kipimo limelimeza bomba na ukuta wake. Usiamini kidoa, amini umbali. Na usimwelekezee mtu machoni, tafadhali.

Haya, sufuria. Ninasogea sentimita 12 tu, napiga ubavuni palipong'aa... 36. Maji yanatokota, na tumeambiwa 36! Umbali ni sahihi, tatizo ni mng'ao. Vifaa vingi vya kawaida vimewekewa emisiviti ya 0.95, yaani vinachukulia kwamba kitu kinatoa miale yake karibu yote inayowezekana. Alumini iliyosuguliwa haifiki hata 0.1. Miale mingi inayoingia kwenye lenzi hapa ni ya ukuta, ya dari, na yangu mimi niliyesimama mbele, imeakisiwa tu.

Nazungusha sufuria. Upande huu nimepaka kiraka cha rangi nyeusi isiyong'aa, ile inayostahimili moto. Napima: 96. Hapo tunaelewana. Kwa vitu vya joto la wastani utepe mweusi wa umeme unatosha, ila kwenye moto mkali utalainika na kubanduka, kwa hiyo mimi napendelea rangi.

Lakini kiraka kiwe kikubwa kuliko duara. Nairudia: kiraka kiwe kikubwa kuliko duara, ikiwezekana mara mbili. Changu kina sentimita 4, kwa hiyo sivuki sentimita 24. Tazameni nikirudi nyuma... 81... 63... Kiraka ni kile kile, maji ni yale yale, leza bado iko juu ya rangi nyeusi. Ni umbali peke yake umebadilika. Ukipaka kiraka kisha ukasimama mbali, rangi umeiharibu bure.

Ah, picha imefifia. Mvuke umeingia kwenye kamera, nafuta. Basi hata lenzi ya kipimajoto hupata ukungu hivi hivi, na mvuke wenyewe unazuia miale, ndiyo maana napima kutoka ubavuni na si kwa juu. Vumbi na moshi vilevile. Kioo cha dirisha kinazuia pia: utasoma joto la kioo, si la kilicho nyuma yake.

Elekeza kifaa kiukabili uso wa kitu moja kwa moja. Ukipima kwa mshazari, duara linarefuka kuwa yai na linachota mambo ya pembeni.

Jambo la mwisho, na hili lifanyeni leo: kifaa kikitoka sehemu ya joto au baridi, kiache chumbani nusu saa. Kisha jaza bakuli barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, usogee karibu mpaka duara lote liwe ndani ya bakuli. Inatakiwa isome karibu na 0. Ikipotoka kuliko kiwango kilichoandikwa kwenye kijitabu chake, futa lenzi kwa kitambaa laini, koroga tena, pima tena.