Uzito Umerudi, Ubongo Je? Mhadhara Kuhusu Simba-bahari wa California

Wazee wangu shikamooni, na wengine wote hamjambo. Nimeombwa nizungumzie magonjwa ya ubongo kwa wanyama wa jamii ya sili, yaani mamalia wa baharini wenye mapezi badala ya miguu, wanaookotwa ufukweni wakiwa hoi na kupelekwa kwenye vituo vya matibabu. Somo hili ni pana, kwa hiyo nitakaa zaidi sehemu moja, pwani ya California nchini Marekani, na kwa mnyama mmoja, simba-bahari. Huyu ni jamaa wa sili mwenye masikio madogo ya nje, anayeweza kukunja mapezi ya nyuma chini ya mwili wake akatembea juu ya miamba. Nimemchagua kwa sababu ametufundisha jambo linalomhusu kila anayetibu wanyamapori: mnyama anaweza kula vizuri, akanenepa, vidonda vyake vikafunga, na bado awe hajapona.

Mwaka 1998, mwezi Mei na Juni, simba-bahari zaidi ya 400 walikufa katika pwani ya kati ya California. Baadhi walifikishwa wakiwa hai kwenye kituo cha The Marine Mammal Center, kilichopo Sausalito, ng'ambo ya daraja la Golden Gate ukitokea San Francisco. Kituo kile kilianzishwa 1975, na wahudumu wake walikuwa wamezoea watoto waliokonda kwa njaa, majeraha ya nyavu na maradhi ya figo. Safari hii waliletewa wanyama wazima, wengi wao majike wenye mimba, miili imejaa. Walitikisa vichwa huku na huko, wakapepesuka, wakajikuna bila kuacha, kisha degedege likawashika. Daktari akiona mnyama mnene ana degedege, jambo la kwanza analojiuliza ni huyu amekula nini.

Walikuwa wamekula dagaa. Baharini ulikuwa umestawi mwani mdogo sana, usioonekana bila hadubini, uitwao Pseudo-nitzschia. Mwani huo hutengeneza sumu, asidi ya domoiki. Dagaa huuchuja kutoka majini na kuubeba tumboni, na simba-bahari akila kilo kadhaa za dagaa hao amekula sumu yote waliyoikusanya. Watafiti waliifuata njia hiyo hatua kwa hatua, kutoka majini hadi kwenye dagaa, kutoka kwenye dagaa hadi katika damu na mkojo wa wagonjwa.

Sumu yenyewe haikuwa ngeni. Wajapani walikuwa wameitenga mwaka 1958 kutoka katika mwani mwekundu uliotumika kama dawa ya minyoo. Mwaka 1987 watu zaidi ya 100 waliugua Canada baada ya kula kome waliotoka Prince Edward Island. Watatu walikufa, na baadhi ya walionusurika walibaki na shida ya kuhifadhi kumbukumbu mpya. Kwa hiyo mambo ninayowaeleza si ya mnyama peke yake.

Sasa sumu hii inafanya nini? Seli za ubongo huamshana kwa kemikali iitwayo glutameti. Glutameti hupiga hodi, mlango hufunguka, ujumbe unapita, na mgeni anaondoka. Asidi ya domoiki hupiga hodi kwenye mlango uleule, lakini haiondoki wala hainyamazi. Seli inabaki imeamshwa, kalsiamu inamiminika ndani yake, mwishowe inakufa. Sehemu inayoumia zaidi ni hipokampasi, iliyo ndani kabisa ya ubongo, ambako kumbukumbu za mahali na za matukio hutengenezwa.

Matibabu ya mwanzo yanaeleweka: dawa za kuzima degedege kama fenobabitali, maji ya kusaidia figo kuitoa sumu, na samaki salama. Figo hufanya kazi hiyo haraka, na ndiyo maana kipimo kisichoonyesha sumu hakithibitishi kwamba haikuwepo. Wengi wakichukuliwa mapema hutulia katika siku chache. Zamani hapo ndipo shangwe ilipoanzia. Mnyama anapiga mbizi kwenye bwawa, anagombania samaki na wenzake, mizani inapanda, basi anawekwa kwenye kreti na kurudishwa baharini.

Kisha wakaanza kurudi. Baadhi waliokotwa tena, safari hii wakiwa na degedege la kuja na kuondoka ingawa sumu ilishatoka mwilini zamani. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Tracey Goldstein waliueleza ugonjwa huu kuwa ni hali ya pili, ya kudumu. Sumu inapita, kifafa kinabaki. Katikati ya degedege moja na jingine mnyama huonekana mzima kabisa. Kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa nguvu ya sumaku, ndicho kinachoonyesha hipokampasi iliyosinyaa, mara nyingine upande mmoja tu, kwa namna inayofanana sana na kifafa cha binadamu kinachoanzia kwenye sehemu ya ubongo iliyo kando ya kichwa, karibu na sikio.

Utafiti ninaoupenda zaidi ulichapishwa Desemba 2015. Peter Cook, akiwa na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, aliwapima simba-bahari 30 waliokuwa kwenye matibabu. Aliwapa kazi rahisi: kukumbuka ndoo ipi kati ya kadhaa huwa na samaki, na katika njia panda kukumbuka walipita upande gani mara iliyotangulia ili sasa wapite upande wa pili. Kisha akawapiga picha za ubongo. Walioumia hipokampasi walishindwa zaidi. Fikirini maana yake kwa mnyama anayeishi kwa kukumbuka dagaa wako wapi msimu huu na mwamba wa kupumzikia uko upande gani. Wagonjwa wa kudumu waliofungwa vifaa vya setilaiti kabla ya kuachiwa walionekana wakienda mbali sana, kwenye bahari kuu ambako wenzao hawaendi.

Ndiyo maana leo vituo vingine huchukua uamuzi mgumu wa kumlaza mnyama usingizi wa mwisho hata akiwa mnene na anakula. Najua inauma, hasa kwa vijana wa kujitolea waliomlisha kwa mikono yao. Mimi naunga mkono uamuzi huo, pale daktari anapokuwa ameona degedege linarudi na picha ya ubongo inasema vilevile. Kumwachia afe njaa akizunguka kilindini ni kujifariji sisi wenyewe.

Lakini si kila degedege ni sumu ya mwani. Kuna vimelea, kwa mfano Toksoplazma, inayotoka kwenye kinyesi cha paka, ikasombwa na mvua hadi baharini na kuua sili wa Hawaii. Kuna virusi: mwaka 1988 sili zaidi ya 17,000 walikufa Ulaya kaskazini kwa kirusi cha ukoo mmoja na surua na sotoka. Wenye kumbukumbu ya Serengeti mwaka 1994, wakati karibu theluthi ya simba walipokufa, wengine wakitetemeka na kuanguka, wanamfahamu ndugu yake, kirusi cha distempa ya mbwa. Kisha kuna kosa linaloweza kutokea ndani ya kituo chenyewe. Samaki waliogandishwa hupungukiwa vitamini B1, na mnyama asipoongezewa vidonge anaweza kuharibika ubongo akiwa mikononi mwa wanaomtibu.

Kuhusu tiba ya kifafa cha kudumu, kuna Cronutt. Huyu ni dume aliyeokotwa mara kadhaa kuanzia 2017, akaonekana hafai kurudi baharini, akatunzwa kwenye bustani ya wanyama ya Six Flags huko Vallejo. Degedege lilizidi, akaacha kula. Oktoba 2020 timu ya Scott Baraban wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ilimpandikiza kwenye hipokampasi seli changa za ubongo kutoka kwa vijusi vya nguruwe, seli ambazo kazi yake ni kutuliza nyingine. Degedege likakoma katika miezi iliyofuata, na akarudia kula. Ni kazi ya kutia moyo kweli. Ila ni mnyama mmoja, na mwani hausubiri: mwaka 2015 ulitanda pwani ya magharibi ya Marekani hadi Alaska, na kusini mwa California wagonjwa walifurika 2023 na tena 2025. Hakuna chumba cha upasuaji kinachoweza kupokea mamia.

Kinachowezekana kwa mamia ni kuwafikia mapema, kabla degedege halijaua seli nyingi. Hapo mwananchi wa pwani ana kazi kubwa kuliko daktari. Akimwona simba-bahari anatikisa kichwa mchangani, asimmwagie maji, asimkaribie, kwa maana mnyama aliyevurugika ubongo huuma bila onyo, na kamwe asimsukume arudi majini. Akae umbali wa mita 45 hivi, awazuie watoto na mbwa, apige simu kituoni. Degedege likimshika mnyama majini, anazama. Akiwa mchangani, bado sindano inaweza kumfikia.