Karatasi Imepitia Mikono ya Nani?

Wazazi, walimu na vijana mliofika, asanteni. Nitaanzia kwenye kontena linalohifadhi karatasi za KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari Kenya, maana karatasi inapotoka pale ndipo hatari yenyewe inapoanza.

Kontena lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao naibu kamishna wa kaunti, wa pili anao mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, hivyo hakuna anayeweza kufungua peke yake. Mwalimu mkuu, ambaye ndiye meneja wa kituo, huchukua bahasha alfajiri na polisi humsindikiza. Mpaka hapo sina wasiwasi. Wasiwasi wangu uko kati ya kontena na dawati. Mtihani ni wa saa mbili asubuhi; bahasha ikifika shuleni saa kumi na mbili na nusu, imebaki saa moja na nusu ya kukaa ofisini. Dakika tano zinatosha. Bahasha inachanwa, kurasa zinapigwa picha, picha inatumwa WhatsApp, mwalimu wa somo anakokotoa, na majibu yanamfikia mtahiniwa kwa mdomo bwenini au kama mwakenya, kikaratasi cha majibu, ndani ya soksi. Ndiyo maana miaka ya karibuni karatasi za alasiri huchukuliwa kwa safari ya pili. Zamani zilitoka pamoja na za asubuhi, zikashinda shuleni nusu siku.

Wizi wa namna hii huacha alama. Jibu sahihi halimshtaki mtu, kwa sababu kila aliyesoma atalipata. Kinachoshtaki ni kosa. Msahihishaji wa hisabati akikuta watahiniwa thelathini wa chumba kimoja wamesahau alama ya kutoa kwenye mstari uleule wa tatu, kisha wote wakaendelea mpaka jibu moja lisilo sahihi, anajua waliandikiwa na mtu mmoja. Katika maswali ya kuchagua hesabu ni wazi zaidi. Chukua wawili waliokosa maswali 12 yaleyale, kila swali likiwa na majibu matatu yasiyo sahihi. Kama wangebahatisha tu, nafasi ya kulingana kwa yote ni 1 kati ya 531,441.

Sasa nani analipa? Mtoto. Kwenye karatasi yake ya matokeo inaandikwa herufi Y, alama ya udanganyifu, na ndoto ya kupata C+ ya kuingia chuo kikuu inaishia hapo. Matokeo ya KCSE ya 2015 yalifutwa kwa watahiniwa 5,101. Ni kweli, Machi 2016 Matiang'i, Waziri wa Elimu wa wakati huo, aliivunja bodi ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, ulinzi ukakazwa, na alama za A zikashuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka 2015 hadi 141 mwaka uliofuata. Lakini Sheria ya KNEC ya 2012 inamtishia mvujishaji kifungo cha hadi miaka 10 au faini ya hadi shilingi milioni 2. Ni wazazi wangapi kati yenu wamewahi kuelezwa kesi ya aliyeishika bahasha iliishaje?

Marekani nako wako na donda hilihili. Rick Singer, aliyekiri makosa katika kashfa ya 2019 ya hongo za kuingiza watoto vyuoni, aliwafundisha wazazi kuombea watoto muda wa ziada kwa vyeti vya ulemavu wa kujifunza, kisha watoto wakahamishiwa vituo ambavyo wasimamizi wake walikuwa wamehongwa. Huko Mark Riddell, mtu aliyelipwa na Singer, alirekebisha majibu mtoto akishamaliza. Singer alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu, na wazazi kadhaa nao wakafungwa, hilo nalipongeza. Ila Agosti 2018 College Board, shirika lenye mtihani wa SAT wa kujiunga na vyuo, iliwapa watahiniwa maswali yaliyokuwa yametumika Asia Oktoba 2017, ambayo baadhi ya watu tayari walikuwa nayo. Ikasema alama zibaki zilivyo. Mwenye mtihani akikosea, anajisamehe mwenyewe.

Ninachodai ni kitabu cha makabidhiano. Kila mkono unaoishika bahasha uandike jina, saa na dakika, na hali ya lakiri: kontenani, garini, ofisini, mlangoni mwa chumba. Watahiniwa wawili watie sahihi kwamba wameiona imefungwa kabla msimamizi hajaichana. Na siku matokeo ya kituo yanapofutwa, ukurasa huo utolewe pamoja na tangazo, ukiwa na nambari ya kesi ya kila mtu mzima aliyefikishwa mahakamani. Kama hakuna aliyefikishwa, iandikwe hivyo, mbele ya wazazi wa watoto waliopewa Y.