Kikombe Ndani ya Urojo

RUKIA: Haya, karibuni tena kipindini. Mie Rukia, na huyu Khamis kanuna.

KHAMIS: Sijanuna, nina njaa. Picha za urojo umekuja nazo, urojo wenyewe hukuleta.

RUKIA: Basi sikiliza. Jumanne shangazi kanambia nimpigie picha ya urojo wake, aiweke kwenye status ya WhatsApp. Jambo dogo, nikasema. Taa ya jikoni nikazima, maana manjano yote inayageuza kijanikijani. Bakuli nikaliweka ubavuni mwa dirisha, upande wa pili nikasimamisha manila nyeupe kivuli kisikolee. Nageuka kuchukua simu, narudi: bajia zishazama. Kachori nayo. Limebaki bakuli la mchuzi.

KHAMIS: Si ndio urojo huo?

RUKIA: Wa kula, ndio. Wa picha ni bwawa! Nikachukua kikombe cha kahawa, nikakifudikiza ndani ya bakuli, bajia na kachori juu yake, kisha urojo nikaumimina pembeni polepole. Chatne ya nazi, halafu chipsi za muhogo mwisho kabisa zisilainike. Vikasimama, mashallah.

KHAMIS: Na shangazi?

RUKIA: Kaangalia picha, kafurahi, kavuta bakuli, kachota kijiko… kling! "We Rukia, umeanza lini kukaanga vigae?"

KHAMIS: (anacheka) Usinambie ni kikombe cha seti.

RUKIA: Seti ya vikombe sita, ya harusi yake. Tangu siku ile kila akinywa kahawa anavihesabu.

KHAMIS: Lakini umedanganya, Rukia.

RUKIA: Nimedanganya nini? Bajia tatu anazouza, tatu nimeweka. Nimeziinua tu.

KHAMIS: Mtu atoke Michenzani kafuata mlima, apewe bwawa?

RUKIA: Wenye matangazo ya nafaka humwaga gundi nyeupe badala ya maziwa. Wengine hupaka oili ya gari juu ya chapati za maji, ionekane asali. Huo ndio uongo. Changu mie chote chalika.

KHAMIS: Na kikombe?

RUKIA: Ondoka hapa! Picha isiyo na kikombe ndiyo ya uongo. Inaonyesha bajia hazimo, na zimo.

KHAMIS: Punguza mchuzi basi.

RUKIA: Urojo usio na urojo?

KHAMIS: Basi shangazi amimine, wewe upige kabla hazijazama.

RUKIA: Nishajaribu. Nimepata picha kumi za kiwiko.

KHAMIS: Bora kiwiko cha kweli.

RUKIA: Sikubali.

KHAMIS: Na mie sikubali.

(kimya)

RUKIA: Fundi anatuonyesha saa. Wallahi nilikuwa na mambo matano ya kupiga picha za chakula hapa, hata pweza wa Forodhani usiku.

KHAMIS: Sema moja.

RUKIA: Chakula cha bakuli lenye kina usikipige kutoka juu moja kwa moja, shusha simu mpaka…

KHAMIS: Mpaka kikombe kisionekane.

RUKIA: Khamis! Shangazi anakisikiliza kipindi hiki.

KHAMIS: Shikamoo shangazi! Leo umehesabu vingapi?

RUKIA: Vitano. Cha sita ninacho mie kwenye mkoba, kesho napiga picha ya bakuli la boko boko.