Geuzeni Santuri

Asante mwenyekiti. Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo. Wengine mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na leo nalirudia, maana juzi tu kijana mmoja kanionyesha kwenye simu mkusanyo wake wa Pearl Jam, bendi ya roki nzito ya Seattle. Kazipanga vizuri, albamu kwa albamu, kuanzia Ten ya 1991. Nikamwuliza, Lost Dogs iko wapi, ule mkusanyo wa nyimbo zao za upande wa pili na zilizoachwa nje ya albamu? Akanijibu, "Ile masalio tu, mwalimu." Masalio! Neno hilo limenikaa kifuani mpaka leo, na ndilo lililonileta hapa mbele yenu.

Kabla hatujafika Seattle, tuanzie nyumbani, kwa sababu hapa hakuna wa kufundishwa upande wa pili ni kitu gani. Baba yangu alikuwa na santuri ndogo, zile za mizunguko 45, kazipanga kwenye sanduku la mbao chini ya meza ya redio. Za rumba kutoka Kinshasa zilikuwa zimeandikwa kwenye ile karatasi ya katikati: upande huu sehemu ya kwanza, upande huu sehemu ya pili. Sababu ni rahisi. Upande mmoja hubeba dakika tatu, nne hivi, na wimbo wenyewe ni wa dakika saba, nane. Basi upande wa kwanza mwimbaji anabembeleza, analalamika, anamtaja mpenzi wake, na magitaa yakianza tu kupata moto, sauti inafifia. Baba anainuka. Anainua sindano, anageuza santuri, anaipangusa kwa mkono wa shati, anaishusha sindano polepole. Mkwaruzo kidogo, halafu sebene linaingia. Harusini watu walikuwa hawajitupi upande wa kwanza. Walicheza kwa kujibana, wakingoja igeuzwe.

Sasa niambieni ninyi. Mtu aliyesikiliza upande wa kwanza akachukua kofia akaenda zake, huyo kausikia wimbo?

Haya, twende Seattle. Mwaka 1990 Stone Gossard, mpiga gita, na Jeff Ament, mpiga besi, ambao baadaye watakuwa Pearl Jam, wamefiwa na mwimbaji wao, Andrew Wood. Gossard anarekodi miziki yake bila sauti ya mtu. Kaseti inapita mkononi mwa mpiga dramu Jack Irons, inamfikia Eddie Vedder kule San Diego, mwimbaji wa baadaye wa Pearl Jam, wakati huo kijana anayefanya zamu ya usiku kwenye kituo cha petroli. Anaisikiliza, anakwenda baharini kuteleza na ubao kwenye mawimbi, na maneno yanamjia humo majini. Anarudi, anaimba juu ya nyimbo tatu, anairudisha kaseti Seattle. Nyimbo tatu, hadithi moja. Mtoto anaambiwa na mama yake kwamba aliyemdhania baba siye, na baba halisi amekwisha kufa. Kisha mambo baina ya mama na mtoto yanaharibika kwa namna ambayo mbele ya wazee wangu sitaieleza. Hiyo ni Alive. Kijana anapotea akili, anakuwa muuaji. Hiyo ni Once. Halafu yuko ndani ya chumba cha gereza, amehukumiwa kufa, anakumbuka. Hiyo ni Footsteps.

Sasa chukueni Ten. Albamu hiyo kwa Marekani peke yake imethibitishwa kuuza nakala milioni 13. Fungueni orodha. Once imo, ndiyo ya kwanza. Alive imo, ya tatu. Footsteps? Haimo. Watu milioni na milioni wamenunua hadithi iliyokatwa mwisho, na sehemu zile mbili zilizobaki nazo zimepinduliwa, ya pili imetangulia. Mwisho wa hadithi uliwekwa mwaka 1992 nyuma ya singo ya Jeremy, yaani upande wa pili wa santuri ya wimbo mmoja, kule kwenye "masalio".

Nalirefusha hili kwa makusudi, mwenyekiti, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Alive imekuwa wimbo wa furaha. Viwanja vizima vinainua mikono kuimba kwamba bado niko hai. Vedder mwenyewe amewahi kueleza kuwa alipouandika, kuwa hai ndiyo ilikuwa laana ya yule kijana, na kwamba ni umati, mwaka baada ya mwaka, uliobadilisha maana ukamwondolea ile laana. Ni jambo zuri sana, sipingi. Lakini uzito wake utaujuaje kama hujaketi na yule mtu gerezani? Footsteps haina kelele. Gita, kinanda cha mdomo, na sauti iliyochoka. Mtu anayeijua Footsteps, Alive inapopigwa naye anainua mkono, ila koo limemkaba.

Najua swali linalokuja, na mzee wangu pale mbele keshatabasamu. "Kama ni nzuri hivyo, mbona wenyewe hawakuiweka kwenye albamu?" Nimeulizwa hili mara nyingi, na naomba leo tumalizane nalo. Nendeni mkamtazame mama anayesuka mkeka. Ana ukindu wa rangi nzuri kabisa, kautia rangi mwenyewe, kauanika mwenyewe, na mkeka huu hautaki rangi ile. Anauweka kando. Je, ukindu ni mbovu? Wana wimbo unaitwa Hard to Imagine. Waliurekodi wakati wa albamu ya pili, wakaurekodi tena wakati wa ya tatu, mara zote mbili ukabaki nje, mpaka ulipojitokeza kwenye muziki wa filamu ya Chicago Cab mwaka 1998. Wimbo mbaya hakuna anayeurudia mara mbili studio. Albamu ina umbo lake na wimbo una thamani yake, na mambo haya mawili watu wanayachanganya kila siku mpaka nachoka.

Na tukumbuke kazi waliyoifanya mashabiki. Kampuni haikuiuza singo ya Jeremy madukani Marekani mpaka mwaka 1995. Miaka mitatu! Aliyeitaka Footsteps au Yellow Ledbetter ilimpasa anunue diski iliyoletwa kutoka ng'ambo, kwa bei ya kuumiza, au akarekodi kwenye kaseti kutoka kwa rafiki, na rafiki naye kutoka kwa rafiki. Kulikuwa pia na santuri ndogo za Krismasi ambazo klabu ya mashabiki, Ten Club, ilianza kuwatumia wanachama wake mwaka 1991. Hizo nyimbo hazikuwa na tangazo wala video. Zilikaa hai kwa sababu kuna watu walizitunza chumbani kwao, kwenye masanduku kama lile la baba yangu.

Yellow Ledbetter basi. Muziki wake umetoka kwa Jeff Ament na mpiga gita Mike McCready, na yeyote aliyewahi kumsikia Jimi Hendrix akipiga taratibu atalitambua gita lile mara moja. Maneno yake hayashikiki. Vedder anayatafuna, anayavuta, na jukwaani huyabadilisha, leo hivi kesho vile. Mashabiki wengi husikia humo habari ya barua na ndugu aliyekufa vitani. Wengine husikia sauti tu, na inawatosha.

Hapo tena kuna wanaosema, "Mtu atapendaje wimbo usioeleweka maneno?" Wanasema hayo hapa! Sisi! Sisi tuliokua tukiimba Kilingala kutoka mwanzo hadi mwisho, kila silabi mahali pake, na kati yetu kumi hakuna hata mmoja aliyejua kinachosemwa. Mama yangu alikuwa akikuna nazi, ukifika mstari fulani wa rumba anaacha mbuzi, anashika kiuno, macho yanamlenga machozi. Ulimwuliza maana yake? Alikuambia nyamaza, sikiliza.

Yellow Ledbetter haukuwemo kwenye albamu yoyote kwa miaka 11. Lakini redio ziliupiga, maana wasikilizaji waliuomba, na bendi ikajikuta inafunga maonyesho kwa huo. Taa za ukumbi zinawashwa, watu wanaonana nyuso, wenzake wanashuka jukwaani mmoja mmoja, na McCready anabaki na gita lake, anamalizia peke yake. Wimbo wa kuagia umma umetoka upande wa pili wa singo.

Ndiyo maana Novemba 2003 ilipotoka Lost Dogs, diski mbili, nyimbo 30 kwenye orodha, waliokuwa na kaseti zile hawakuiona kama albamu ya kuziba pengo. Waliona deni linalipwa. Kijitabu cha ndani kina maneno ya wanabendi wenyewe, wimbo kwa wimbo, wakieleza ulivyozaliwa. Anayefanya kazi hiyo haoni aibu kwa vitu vyake. Na sisemi kila wimbo ni lulu. Sweet Lew, ule wa Jeff Ament juu ya Kareem Abdul-Jabbar, mchezaji wa mpira wa kikapu, mimi nauruka. Gremmie Out of Control pia naupita. Tena nyimbo kadhaa ziliguswaguswa upya studio, na wenye nakala za zamani wanazo sababu za kulalamika. Mimi niko upande wao. Lakini tazameni vilivyomo: Sad, Down, Fatal, Wash iliyokuwa nyuma ya Alive, Dead Man, Drifting. Bendi ngapi zinatamani albamu yao bora iwe na nyimbo sita kama hizo?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka haraka basi. Last Kiss: wimbo wa zamani wa Wayne Cochran, Vedder aliupenda, bendi ikaurekodi bila gharama kubwa, ikawatumia wanachama wa klabu Krismasi ya 1998. Watangazaji wakaanza kuupiga wenyewe. Ukatolewa rasmi 1999, ukafika namba 2 kwenye chati kuu ya Marekani, juu kuliko wimbo wowote mwingine wa bendi hiyo, na fedha zikaenda kwa wakimbizi wa Kosovo. Zawadi kwa mashabiki imewapita vipenzi wote wa kampuni. Brother: kwenye Lost Dogs umewekwa bila sauti, mashabiki wakanung'unika miaka sita, na Ten ilipotolewa upya 2009 ukaja na sauti yake. Nilitaka pia kuzungumzia Incesticide ya 1992, mkusanyo wa masalio wa bendi ya Nirvana, kuna mambo mengi pale, muda hauniruhusu.

Lakini hili moja sitaliacha, nivumilieni. Kijana wangu wa mashine, weka diski ya pili, peleka wimbo wa mwisho kwenye orodha, Bee Girl. Wakati unatafuta, nieleze. Aprili 2002 Layne Staley, mwimbaji wa bendi ya Alice in Chains, mwenzao wa mji ule ule, alikutwa amekufa nyumbani kwake Seattle. Usiku habari zilipomfikia, Vedder alichukua gita akaandika wimbo. Kauita kwa tarehe, 4/20/02. Hakuna singo. Hakuna jina kwenye jalada. Kwenye Lost Dogs hauoni popote umeandikwa. Bee Girl inakwisha, diski inaendelea kuzunguka kimya kwa dakika kadhaa, na mwenye haraka keshaitoa, keshairudisha ndani ya kasha lake. Yule aliyebaki ameketi ndiye anayeusikia: mtu mmoja na gita, hasira na huzuni pamoja, kwa rafiki aliyekwisha kufa.

Mimi mara ya kwanza niliusikia kwa bahati. Nilikuwa napiga pasi, nikaisahau diski mashineni. Chumba kimenyamaza, kisha sauti ile ikaanza nyuma yangu. Niliisimamisha pasi, nikakaa kitandani mpaka ikaisha.

Imeanza? Haya, ongeza kidogo. Wazee wangu, hii ni Bee Girl, ni fupi. Ikiisha, kijana, mkono wako uwe mbali na kile kitufe. Usizime. Hata mwenyekiti akikuangalia.