Namna ya Kusoma Jiwe la Stromatoliti, Tabaka kwa Tabaka

Ndugu mtazamaji, jiwe la chokaa lililo mezani limekatwa wima na kusuguliwa, na mistari yake iliyobinuka kama maganda ya kitunguu ndiyo tutakayoisoma. Mwaka 1908 Mjerumani Ernst Kalkowsky aliyaita mawe ya namna hii stromatoliti, akishikilia kwamba yalijengwa na viumbe wadogo mno.

Kwanza, lowesha uso wa jiwe. Mistari iliyofifia itajitokeza papo hapo.

Pili, tafuta upande uliokuwa juu. Sianobakteria, yaani vijidudu wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua na ndio waliojenga jiwe hili, walihitaji mwanga, hivyo kila mashapo yalipowafunika walipenya hadi juu na kufuma utando mpya. Ndiyo maana matabaka hubinuka kuelekea juu. Hata hivyo, usihukumu kwa mbinuko peke yake, kwa kuwa mgandamizo wa ardhi nao hukunja miamba.

Tatu, na hapa usiwe na haraka, chagua tabaka moja ulifuate kwa lenzi kutoka bondeni hadi kileleni. Mchanga unaotuama wenyewe hujaa mabondeni na kukiacha kilele kikiwa na ngozi nyembamba, lakini tabaka hili limenenepa kileleni. Sasa tazama ubavuni, ninapoelekeza ncha ya sindano: punje ya mchanga imeganda kwenye mteremko wa nyuzi 60 hivi, ilhali mchanga mkavu huporomoka mteremko ukizidi nyuzi 35 au karibu na hapo. Iliyoishika punje hii ni ute wa vijidudu. Kwangu mimi, punje moja ya namna hii ina uzito kuliko umbo zima la nguzo, yaani matabaka yaliyopandana hadi yakasimama wima.

Nne, soma nafasi zilizo kati ya nguzo, ambazo wengi huziruka. Vipande vya matabaka yaliyovunjika na punje za mviringo hueleza habari za mawimbi. Tope laini huashiria maji yaliyotulia.

Tano, vaa miwani ya kinga, kisha dondosha tone la asidi hafifu ya haidrokloriki. Chokaa hutoa povu mara moja, dolomiti, mwamba unaofanana na chokaa ila wenye magnesi, hadi uikwaruze iwe unga. Povu lisipotokea kabisa, huenda silika, madini magumu yanayofanyiza kwatzi, imechukua nafasi ya chokaa, na hiyo ni bahati: silika ndiyo iliyohifadhi seli katika mwamba wa Gunflint nchini Kanada, wenye umri wa takriban miaka bilioni 1.9.

Mwisho, kadiria kasi ya ukuaji. Stromatoliti hai za Hamelin Pool, Australia Magharibi, hukua chini ya nusu milimita kwa mwaka; kwa kasi ya milimita 0.3, nguzo ya sentimita 30 ingehitaji miaka 1,000. Maji ya huko yana chumvi karibu maradufu ya bahari ya kawaida, kwa hiyo konokono walao utando ni wachache, na stromatoliti husalimika. Miamba ya Strelley Pool, pia Australia Magharibi, ilijengwa miaka bilioni 3.43 iliyopita, kabla mnyama yeyote hajawapo. Linganisha na jiwe hili la pili, la zama za Kambriani, wanyama walipokwisha kuenea baharini: badala ya mistari lina mabonge, ndiyo maana huitwa thromboliti, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya bonge, na kijishimo hiki kinachokatiza mabonge mawili kilichimbwa na mnyoo.